Mtoto ana mpira kichwani, usiku silali

SWALI: Shangazi shikamoo, niko Ipuli hapa Tabora, tumerudi juzi kutoka hospitali ya Bugando kule Mwanza, mwanangu wa miezi minne kawekewa mpira wa kutoa maji kichwani. Kule wodini tulikuwa wamama wengi tunaulizana, huku niko mwenyewe, usiku namchungulia tu kama anapumua, na mama mkwe anasema karogwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Hao wa wodini namba zao unazo? Anza nao, tuma voisi hata saa nane usiku, atakujibu mtu maana na yeye halali. Kama huna, siku ya kliniki pale hospitali ya Kitete mwachie nesi namba yako ampe mzazi mwingine wa mtoto mwenye kichwa maji akikubali (ya mtu hawezi kukugawia hivihivi). Huyo mzazi ukimpata mkaribishe kwako aongee na mkweo, atamsikiliza kuliko wewe, amwambie ni maji ya ubongo yalikosa njia na mpira unayashusha tumboni, basi, uchawi wa wapi!

Ila mwenzio sio daktari. Mpira unaweza kuziba au kupata maambukizi, kwahiyo ukiona anatapikatapika, analala mpaka kumwamsha kazi, homa, utosi umevimba, macho yanaangalia chini tu, usisubiri ushauri wa mtu, hospitali usiku huohuo. Na baba mtu ashike zamu jamani, au mtoto wa mama peke yake?