Maswali na majibu: Simu yako haijui "saa mbili asubuhi" ni saa ngapi

Programu gani ya kutafsiri ni nzuri kuliko zote? (wasomaji wengi, karibu kila wiki)

Yoyote inayofanya kazi bila intaneti. Pakua lugha unazohitaji ukiwa nyumbani, zima data na Wi-Fi, kisha ijaribu hapo hapo. Ikigoma sebuleni kwako, itagoma na uwanja wa ndege. Mnaokwenda China mkumbuke kwamba huduma za Google hazifunguki kwa Wi-Fi ya hoteli wala kwa laini ya kule, kwa hiyo usipange kupakua ukishafika. Jibu hili limeshatolewa hapa mara nyingi. Kinachowaangusha wasafiri ni kile wanachoiandikia programu, na msomaji anayefuata ametuletea mfano wake.

Tukiwa Istanbul tulitaka basi la saa mbili asubuhi kwenda Ankara. Niliandika kwenye simu, dada wa dirishani akasoma, akatukatia tiketi. Tulipofika asubuhi tukaambiwa basi liliondoka usiku. Tiketi kweli imeandikwa 02:00. Kosa la nani? (Morogoro)

La simu, na lako kwa kuondoka dirishani bila kusoma tiketi. Kiswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, karibu dunia nzima huanza katikati ya usiku. Programu inaona neno "mbili" na inatoa mbili. Dada yule alisoma "saa nane usiku", na kwa kuwa mabasi ya Istanbul na Ankara hutembea usiku kucha, hakuona ajabu yoyote. Saa usiiandike kwa maneno kabisa, iandike kwa tarakimu za saa 24: 08:00. Na ukisoma tiketi, 20:15 ni saa mbili na robo usiku.

Hapo hapo kuna mtego mkubwa zaidi, nao ni ndege za usiku wa manane. Tiketi ikisema Ijumaa 00:40, hiyo ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Uwe uwanjani Alhamisi kama saa tatu na nusu usiku. Kuna wanaofika Ijumaa usiku na masanduku yao, ndege imeshaondoka karibu siku nzima iliyopita, na nauli mara nyingi hairudi.

Saa ni moja tu kati ya mambo ambayo Kiswahili chetu cha kila siku huyapoteza njiani. Ukiandika "nina sukari", daktari wa kigeni anaweza kusoma kwamba umebeba sukari. Andika "nina ugonjwa wa kisukari". "Nina presha" iwe "nina shinikizo la juu la damu". Ukimwambia ofisa wa forodha "nimebeba dawa", neno linaweza kutoka kwa maana ya dawa za kulevya, kwa hiyo andika "dawa za hospitali nilizoandikiwa na daktari". "Pole" ni hatari ya aina yake: mtu ameanguka na pikipiki karibu yako, wewe unamwonyesha simu yenye pole kwa roho safi, naye anasoma unaomba msamaha, yaani umekiri kwamba wewe ndiye uliyemwangusha. Andika "Je, umeumia?"

Dawa ya haya yote ni dakika moja ya subira. Ukishapata tafsiri, inakili, irudishe kwenye Kiswahili, usome kilichotoka. Kikirudi kingine, badilisha sentensi. Sentensi iwe fupi, yenye jambo moja, isiyo na methali wala misimu ya mtaani.

Nikiongea Kiingereza polepole na kwa sauti watanielewa? (Kisumu)

Hapana. Asiyejua neno hajui tu, hata ukilipiga kelele. Andika au onyesha.

Tunakwenda Guangzhou siku kumi, mimi na mume wangu, kutembea tu. Wakala amesema "msijali, wenyeji wamezoea Waafrika." Inatosha? (Dar es Salaam)

Haitoshi, na wakala anayekupa kauli hiyo badala ya karatasi hajafanya kazi uliyomlipa. Mdai vitu hivi kabla ya kumalizia malipo: jina la hoteli, anwani na namba ya simu ya mapokezi, vyote kwa herufi za Kichina, vimechapwa kwa ukubwa wa kusomeka kwenye taa hafifu ya teksi. Jina la hoteli kwa herufi zetu halina msaada kwa dereva asiyezisoma, tena hoteli hiyo hiyo huwa na jina jingine kabisa kwa Kichina. Mkifika, chukueni kadi ya hoteli pale mapokezi, kila mmoja yake. Mume asibaki na kadi zote mbili mfukoni, maana mnaweza kupotezana sokoni.

Stesheni za treni ziangalieni kwa jicho kali. Guangzhou ina zaidi ya moja: kuna Guangzhou yenyewe, ya Mashariki (东), ya Kusini (南) na Baiyun (白云). Kinachozitofautisha kwenye tiketi ni herufi moja au mbili tu mwishoni, na ya Kusini iko Panyu, mbali na katikati ya jiji. Ukienda isiyo yako, treni imekwisha. Tiketi hukatwa kwa namba ya pasipoti na pasipoti hiyo ndiyo unayoingilia. Mlango wa mashine ukikataa, nenda ulipo mlango wenye mhudumu. Kwa hiyo pasipoti isiachwe hotelini siku ya safari.

Malipo: watu wengi kule hulipa kwa simu. Sajili Alipay, programu ya kulipia kwa simu, na uiunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard ukiwa bado nyumbani, kwa sababu benki itatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya hapa, na ukishafika kule na laini imekatika huduma, kadi haitaunganika. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayana makato ya Alipay, yakizidi hukatwa asilimia 3. Bebeni pia pesa taslimu kidogo, noti ndogo ndogo. Ndani ya Alipay mnaweza kuita teksi za Didi, mkaandika mnakokwenda bila kumsemesha dereva.

Kuhusu bei, msihesabiane vidole. Mchina anaonyesha namba 1 hadi 10 kwa mkono mmoja. Kidole gumba na cha shahada vikiwa vimenyooka, ambavyo mgeni anaweza kuvisoma kama mbili, kwake ni nane. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Mtu anakubali koti la yuani mia mbili kumbe ni mia nane, kisha ugomvi. Toa kikokotoo cha simu, aandike yeye, uandike wewe, mkubaliane kwenye tarakimu. Kwa fedha nyingi kuna jambo jingine: Wachina huhesabu kwa mafungu ya elfu kumi kumi, fungu moja wanaliita *wan*. "Wan tatu" ni 30,000, wala si 3,000. Sisi nasi tuna tabia ya kusema "hamsini" tukimaanisha elfu hamsini, na tabia hizo mbili zikikutana kuna mtu atalia.

Mwisho, kwa mnaobeba betri za kuchajia simu: tangu 28 Juni 2025, ndege za ndani ya China haziruhusu zile zisizo na alama ya 3C, yaani alama ya China ya ukaguzi wa usalama. Itazame yako kabla hamjatoka. Na betri hizo hukaa kwenye mkoba wa mkononi, haziwekwi kwenye sanduku la mizigo.

Nina wiki tatu kabla ya kwenda Uturuki. Je, inafaa kujifunza Kituruki au ni kupoteza muda? (Mombasa)

Inafaa sana, na wewe umeshaanza bila kujua. Kituruki na Kiswahili vyote vilikopa Kiarabu na Kiajemi, kwa hiyo *dakika* ni dakika, *saat* ni saa, *kitap* ni kitabu, *sabun* ni sabuni, *dünya* ni dunia, *haber* ni habari, *çay* ni chai, *pilav* ni pilau. Ukimaliza kula sema *hesap lütfen*, "hesabu tafadhali", na bili italetwa mezani. *Merhaba* ni salamu kwa mtu yeyote, haihitaji shikamoo kwanza.

Maneno mawili yatakupotosha. *Misafir* si msafiri, ni mgeni aliyekaribishwa nyumbani. Na *hayır*, ambalo sikio la pwani linaweza kulisikia kama kheri, ni "hapana". Hapana nyingine haina neno: mtu ananyanyua nyusi au kidevu juu, pengine na mlio mdogo wa ulimi. Wageni hudhani amekubali. Amekataa.

Wiki ya kwanza jifunze kusoma herufi: *c* ni j, *ç* ni ch, *ş* ni sh, *ğ* haitamkwi, hurefusha tu irabu iliyotangulia. Ukijua hivyo utasoma *cami* kama "jami" na kuutambua msikiti kwenye ramani. Wiki ya pili ni namba 1 hadi 100. Ya tatu ni sentensi kumi za kuuliza njia, bei na choo. Usijifunze zaidi ya hapo, ila ujifunze kwa sauti.

Pia kagua tiketi yako. Istanbul ina viwanja viwili vikubwa vya ndege, IST upande wa Ulaya na SAW upande wa Asia, na kutoka kimoja kwenda kingine kwa foleni za mji ule kunaweza kuchukua muda mrefu.

Mama ana miaka 68 na ni mgonjwa wa kisukari. Anasafiri na kikundi, hajui lugha yoyote ila Kiswahili na Kichaga. (Moshi)

Mchapishieni kadi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho, avae shingoni ndani ya nguo. Iandikwe kwa lugha ya nchi anayokwenda na kwa Kiingereza: jina lake, ugonjwa, kundi la damu kama linajulikana, mzio, na simu ya kiongozi wa kikundi pamoja na ya mtu wa nyumbani, ikianza na +255. Dawa ziandikwe kwa jina la kitabibu, kwa mfano metformin miligramu 500 mara mbili kwa siku. Jina la kibiashara la duka la Moshi linaweza lisijulikane kabisa nchi nyingine. Dawa zibaki kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari. Insulini aibebe mkononi, maana kule chini kwenye mizigo inaweza kuganda, na iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Kadi itafsiriwe na mtu anayeijua lugha hiyo, msiiachie simu.

Na hili linawahusu wasafiri wote: ukipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka kwenye nchi yenye malaria, sema neno "malaria" mwenyewe na utaje nchi uliyotoka. Linaeleweka katika lugha nyingi. Daktari wa nchi isiyo na ugonjwa huo anaweza kukutibu mafua siku tatu, na malaria kali haingoji siku tatu. Dai kipimo cha damu siku hiyo hiyo.

Ofisa wa uhamiaji akiniuliza nisichoelewa, niitikie tu "yes"? (Mwanza)

Usithubutu. Unaweza kuwa umekubali kwamba umekuja kufanya kazi. Sema "Swahili" na uombe mkalimani, kisha utoe karatasi: tiketi ya kurudi, hoteli, bima, taarifa ya benki. Na usiseme unamtembelea "ndugu". Kwetu neno hilo hubeba mtoto wa shangazi, mtu wa kijijini na rafiki wa msikitini, ila likitafsiriwa huwa kaka wa tumbo moja, halafu utaulizwa kwa nini majina ya baba hayafanani. Taja uhusiano wenyewe: "mtoto wa mama mdogo".

Muscat, Oman, nitaweza kutumia Kiswahili tu? (Tanga)

Kwa sehemu. Familia nyingi zenye asili ya Zanzibar ziko huko, na wapo madereva wa teksi watakaokujibu kwa Kiswahili cha Unguja. Madukani na hotelini wafanyakazi wengi wametoka India, Pakistan na Bangladesh, na hapo utahitaji Kiingereza. Na kwa kuwa wenye asili ya Zanzibar ni wengi, usiwasengenye watu kwa Kiswahili ndani ya lifti. Mzee wa kanzu aliyesimama pembeni yako anaweza kuwa amezaliwa Ng'ambo, mtaa wa Unguja mjini.