Maji yanang'aa, lakini tangi bado

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nimenunua tangi la kioo la kufugia samaki nyumbani, urefu sentimita 80, upana 35, kimo 36. Nimelisuuza, nimetandaza changarawe, nimejaza maji ya bomba, nimefunga chujio la ndani lenye sponji na hita. Muuzaji aliniambia nisubiri siku tatu ndipo nitie samaki. Jirani yangu anayefuga anasema mwezi mzima. Siku mbili za mwanzo maji yaling'aa kabisa. Leo ni siku ya tano yamepauka kama yametiwa tone la maziwa, na humo ndani hamna hata samaki mmoja. Niyamwage nianze upya? Nimsikilize nani kati ya hao wawili? Halafu chujio lina mvumo, kwa hiyo usiku nalizima ili watoto walale. Hao watoto nao kila nikirudi nyumbani wananiuliza samaki wako wapi.

JIBU: Nzuri tu, ndugu yangu, na umefanya la maana kuuliza ukiwa bado na tangi tupu. Wengi hunitafuta samaki wakiwa tayari wanaelea.

Nianze na lile uliloliandika kama jambo dogo: usizime chujio usiku. Katika yote uliyoyaeleza, hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Sababu yake utaiona punde.

Muuzaji hakukudanganya. Siku tatu zinatosha kujua kama kioo kinavuja, kama meza iko sawa (tangi lako litakuwa na kama kilo 85 za maji peke yake), na kama hita inashika joto lile lile mchana na usiku. Tatizo ni kwamba siku hizo ni za kukagua vyombo tu. Jirani yako anazungumzia kilicho hai ndani ya tangi, na kwa hilo yeye ndiye mwenye haki.

Samaki anakula, anapumua na kujisaidia mle mle. Sehemu kubwa ya uchafu wake humtoka kupitia matamvua ikiwa ni amonia, na chakula kinachobaki chini kikioza huongeza amonia hiyo hiyo. Mtoni au ziwani maji ni mengi, inapotea. Ndani ya lita 100 haina pa kwenda. Inaunguza matamvua, samaki anapanda juu kutafuta hewa, na mwenye tangi anadhani pampu ya hewa ni ndogo.

Wanaomwokoa ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hata damu yenyewe hugeuka rangi ya kahawia. Kundi la pili hula nitriti na kutoa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri zaidi na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Makundi yote mawili hayaelei majini kwa wingi. Hujishikiza kwenye changarawe, kwenye vioo, na hasa kwenye sponji ya chujio, kwa sababu pale maji yanapita muda wote yakiwaletea chakula na oksijeni. Ukizima chujio kwa muda wa saa nane kila usiku, unawabana pumzi wale wale unaojaribu kuwakuza. Hapo mwezi mmoja unaweza kuwa miwili.

Na mbona wanachukua muda mrefu hivyo? Ni wazito wa kuzaana. Bakteria wa kawaida wanaoozesha chakula wanaweza kuongezeka mara mbili ndani ya nusu saa. Hawa wetu huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi, na wanaanza wakiwa wachache mno.

Huo weupe unaouona leo ni kazi ya wale wenye haraka. Wamekuta uchafu kidogo kwenye changarawe na kwenye maji, wamelipuka kwa wingi, wakimaliza chakula watapungua na maji yatatakata yenyewe ndani ya siku chache. Usimwage. Usitie dawa ya kusafisha maji pia. Ila kama ule weupe ulianza saa ile ile ulipojaza, hiyo ni vumbi ya changarawe isiyooshwa vya kutosha, na chujio litaikamata. Kwa maelezo yako, wewe una bakteria.

Sasa kazi yenyewe. Bakteria hawatakuja kwenye tangi lisilo na chakula. Tangi tupu linaloachwa mwezi mzima likizunguka bila kutiwa kitu, siku ya 30 litakuwa changa karibu kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Hili watu wengi hawaambiwi, wanasubiri kwa uvumilivu wote halafu samaki wanakufa vile vile. Lazima ulishe amonia.

Kwanza hakikisha maji hayana klorini, maana imewekwa kwenye bomba kwa ajili ya kuua bakteria. Klorini ya kawaida hutoka ndani ya siku moja hivi maji yakichezwa na pampu ya hewa. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haitoki hivyo, na baadhi ya mamlaka za maji hutumia hiyo. Kwa kuwa huwezi kuitambua kwa macho, tumia dawa ya kuondoa klorini kila unapoongeza maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ikiwa maji yako yana kloramini, dawa ikishaivunja kipimo kinaweza kuonyesha amonia kidogo. Usishtuke, hiyo ni chakula cha bure.

Kisha nunua amonia ya majimaji isiyo na manukato, rangi wala sabuni. Itikise chupa: povu likikaa, irudishe dukani. Na kama uliosha tangi kwa dawa ya klorini ya kufulia, hakikisha imeisha kabisa kabla hujaifungua chupa ya amonia, kwa sababu vikichanganyika hutoa gesi ya sumu kwako wewe, achilia mbali samaki.

Kipimo tunachokitaka ni miligramu 2 kwa kila lita. Vipimo vya tangi lako vinatoa lita 100 na ushee, lakini ukiondoa changarawe na ile nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 85. Hiyo ni miligramu 170. Amonia ya asilimia 10 ina karibu miligramu 100 katika kila mililita, kwa hiyo unahitaji kama mililita 1.7 tu. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, siyo kijiko. Nimewahi kuona mtu akimimina kwa kifuniko cha chupa. Amonia ikazidi hadi bakteria wenyewe wakazubaa, ikabidi tumwage karibu maji yote.

Ukiikosa amonia, kuna njia ya kutupia chakula cha samaki kidogo kila siku kioze. Inafanya kazi, ila hujui umelisha kiasi gani, na harufu yake watoto hawataisahau.

Weka hita kwenye nyuzi 27 au 28, washa pampu ya hewa kama unayo, na ununue vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Hapa usibane matumizi. Bila vipimo unabahatisha, kwa sababu amonia na nitriti hazina rangi na tangi lenye maji ya kumeremeta linaweza kuwa na sumu ya kutosha kumaliza kundi zima kwa usiku mmoja.

Ninacho kidaftari cha tangi langu lililokaribia hilo lako kwa ukubwa. Siku ya 1 hadi ya 8 amonia imesimama pale pale kwenye 2, nimeandika pembeni "hakuna kitu". Siku ya 9 bomba la kupimia nitriti lilipata rangi ya waridi hafifu sana, nililishika mbele ya karatasi nyeupe ndipo nikaiona. Siku ya 16 amonia nikiitia jioni, kesho yake jioni imeisha, lakini nitriti ilikuwa zambarau nzito kuliko rangi ya mwisho kwenye kadi. Ikakaa hivyo zaidi ya wiki. Hapa ndipo watu hukata tamaa. Nilibadilisha nusu ya maji, nikapunguza amonia hadi nusu ya kipimo, nikaendelea. Siku ya 30 bado ilikuwa zambarau. Siku ya 31 asubuhi, sifuri. Nilirudia kipimo mara mbili nikidhani matone yameharibika.

Lako linaweza kuchukua wiki nne, linaweza kuchukua sita. Ukiona mambo yamesimama kabisa, pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji (namba ikishuka, uchachu umeongezeka). Bakteria hawa hutafuna kaboneti za maji wanapofanya kazi, na maji laini yakiishiwa, pH inashuka. Ikifika chini ya 6 wanakaribia kusimama. Badilisha nusu ya maji, wataamka.

Ipo njia ya mkato, nayo iko kwa jirani yako huyo huyo. Kama tangi lake lina miezi kadhaa na samaki wake hawaumwi, mwombe kipande cha sponji kutoka kwenye chujio lake. Kibebe kikiwa kimezama kwenye maji ya tangi lake, kisikauke njiani, ukifika kiweke ndani ya chujio lako na utie amonia siku hiyo hiyo. Nimeona matangi yakikamilika ndani ya wiki moja au mbili kwa njia hii. Bakteria wa chupa wanaouzwa dukani wengine wanasaidia, wengine hawafanyi lolote. Ukiwatumia, bado kipimo ndicho kitakachoamua, siyo maandishi ya kwenye chupa.

Utajua limekamilika hivi: unatia miligramu 2 kwa lita jioni, na baada ya saa 24 amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, siku mbili au tatu mfululizo. Nitrati itakuwa juu sana. Badilisha maji mengi, hata robo tatu, ukizima hita kwanza na kuiacha ipoe kabla haijatoka majini, maana hita ya kioo ikibaki kavu ikiwa ya moto hupasuka. Shusha joto liendane na samaki unaowataka. Halafu wanunue ndani ya siku moja au mbili, usiwaache bakteria wako na njaa. Anza na wadogo watano au sita, wengine waje baada ya wiki mbili.

Kipimo cha pH kitumie pia siku hiyo. Maji yakiwa na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ile kali inayoua. Kwenye pH 8 inapita asilimia 5. Ndiyo maana samaki wa watu wawili wenye amonia ile ile mmoja hufa, mwingine huendelea kula. Wiki ya kwanza pima kila siku, lisha kidogo, na nitriti ikichungulia tu, badilisha robo ya maji siku hiyo.

Sponji ikijaa uchafu, ikamue kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Kamwe usiioshe bombani.

Na huo mvumo. Chomoa umeme, toa chujio, fungua kichwa chake utoe kile kipropela chenye sumaku, futa utelezi na uchague changarawe iliyokwama. Ukilirudisha, liinamishe chini ya maji mpaka mapovu yote yatoke. Kisha angalia chujio lisigusane na hita, na vinyonyio vya mpira vilishike mbali kidogo na kioo. Mara nyingi kinachovuma ni kioo chenyewe. Kama bado, kunja kipande cha sponji ukichomeke kati ya chujio na kioo.