Jibu: Kumshtaki mwenye lori baada ya kifo cha mume (Kenya)

Pole sana dada kwa msiba. Umeuliza kama shemeji yako, ndugu wa mumeo, anaweza kufungua kesi kwa jina lake mwenyewe dhidi ya mwenye lori lililomuua mumeo. Kama yalivyo sasa, hapana. Hapa ndipo familia nyingi huangukia: anayeshtaki kwa niaba ya mirathi bila hati ya usimamizi kutoka mahakamani, kesi yake huwa batili tangu mwanzo, na hati ikija baadaye haiifufui. Omba wewe, mjane, hati ya muda ya kufungulia kesi tu. Si lazima usubiri mirathi yote igawanywe. Utahitaji cheti cha kifo na barua ya chifu.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 3 tangu siku ya kifo. Wanaofidiwa kama wategemezi ni mke au mume, watoto na wazazi. Kaka na dada wa marehemu hawamo.

Mahakama mara nyingi hupiga hesabu hivi: mapato halisi ya mwezi, mara 12, mara miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, mara theluthi mbili kwa mwenye mke na watoto (sehemu inayohesabiwa kuwa aliitumia kwa familia). Mfano 30,000 × 12 × 15 × 2/3 = 3,600,000. Bima ya gari hulipa hadi 3,000,000. Kinachozidi humwangukia mwenye gari, kwa hiyo mshtaki yeye.

Tunza abstrakti ya polisi (hati ya polisi kuhusu ajali), ripoti ya upasuaji wa maiti, risiti za mazishi, taarifa za M-Pesa zinazoonyesha mapato yake. Na tafadhali, usisaini karatasi ya "malipo ya mwisho" ya bima kabla wakili hajaisoma.