Jibu: .223 au .243 kwa koyote wanaokula watoto wa mbuzi?

Ndugu yangu wa Kansas, Marekani, umeuliza kama bunduki yako ya .223 Remington (namba hiyo ni saizi ya risasi) inatosha kwa koyote wanaokula watoto wa mbuzi wako, au ununue ya .243, yenye risasi nene kidogo. Baki na .223 yako. Koyote, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, ni mdogo, wengi hawafiki kilo 20, na kwenye mita 200 hiyo .223 inamwangusha papo hapo ukimpiga kifuani, nyuma tu ya bega. Chukua risasi ya greni 55 (karibu gramu 3.6) yenye ncha ya plastiki: inapasuka ndani, mara nyingi haitokei upande wa pili, kwa hiyo ngozi inabaki nzima kama unataka kuiuza.

Shida yako huko ni upepo. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa unaisogeza risasi hiyo karibu sentimita 30 kwenye mita 300. Ukipiga mbali hivyo mara kwa mara, saizi nyingine, .22-250, ina kasi zaidi, ila inachakaza mtutu wa bunduki haraka. .243 inahimili upepo vizuri, lakini inachana ngozi vibaya.

Na tafadhali, hakikisha nyuma ya mnyama kuna kilima au tuta. Uwanda ule ni tambarare, na nyumba za watu zipo.