Muulize Afande: Dungu la kulinda maharagwe tulijenge wapi?

SWALI: Afande, salaam nyingi kutoka Mutunda, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Familia yetu ina shamba la ekari tatu kwenye mteremko. Juu ziko nyumba na njia ya boda, chini kuna kijito chenye kichaka kizito, na ng'ambo yake ni pori linaloendelea hadi upande wa hifadhi ya Karuma. Msimu uliopita pongo, wale swala wa vichakani, walikula maharagwe tangu yalipoota hadi yakatoa maua, kisha nguruwe mwitu wakamaliza muhogo. Dungu letu, yaani kibanda cha walinzi, lilikuwa katikati ya shamba, juu ya kichuguu, na walinzi waliona hasara asubuhi tu. Sasa tumepanda tena. Mjomba wangu, aliyewinda zamani, anasema tujifiche karibu na kijito mahali ambapo upepo unatoka kwao kuja kwetu, tukae kimya na tusiwashe moto. Kaka yangu anataka kutega nyaya. Mimi nataka maharagwe yangu tu. Tukae wapi? Na je, tutafute mbwa?
Mkulima kijana, Mutunda

JIBU: Mwanangu, mjomba wako anaijua kazi yake. Aliyoyasema yote ni kweli kwa mtu anayetaka nyama. Mwindaji hujificha, huficha harufu yake, na humwacha mnyama atoke kichakani, asogee, ainamishe kichwa na kuanza kula. Lakini wewe ukimwacha pongo ainamishe kichwa, umeshapoteza mstari wa maharagwe. Wewe unataka ageuke akiwa bado ndani ya kichaka. Kwa hiyo chukua elimu yote ya mjomba, uitumie kinyume chake.

Kwanza, acha kuangalia walikula wapi. Angalia walitokea wapi. Watu wengi hujenga dungu palipoharibiwa zaidi, na hapo ni mwisho wa safari ya mnyama. Pongo hulala mchana kwenye kichaka kizito, na hapendi kiwanja kilicho wazi. Akishapata mlango wa kutokea, huurudia. Nenda asubuhi mvua ikishakatika, tembea pembeni mwa shamba upande wa kijito, taratibu, ukiangalia chini. Utaona uwazi mdogo kwenye majani, chini ya kiuno chako, na udongo umekanyagwa. Huo ndio mlango. Kama udongo ni mgumu na hauonyeshi kitu, lima ukanda mwembamba upana wa jembe moja kando ya kichaka chote, uusawazishe jioni, uusome kesho yake. Sisi porini tuliusoma udongo wa namna hiyo kila siku, na ulitueleza mengi kuliko watu.

Kwato za pongo ni nyembamba na zimechongoka mbele. Za nguruwe ni pana zaidi na butu, na kwenye tope utaona pia alama za vidole viwili vya nyuma. Angalia na majani yenyewe. Pongo hana meno ya mbele kwenye taya la juu, kwa hiyo jani huvutwa na kuchanika, na shina hubaki na nyuzi nyuzi. Shina likiwa limekatwa safi na kwa mshazari, mwizi wako ni sungura, na dungu halitakusaidia sana. Nguruwe yeye hupindua udongo, huhitaji hata kuuliza.

Ukishajua milango, ndipo uulize upepo. Weka majivu makavu kwenye kitambaa chepesi, ukipigepige jioni, uone majivu yanaelekea wapi. Fanya hivyo saa kumi, kisha tena saa kumi na mbili, maana jibu hubadilika. Mchana upepo huenda unapotaka. Jua likilegea na upepo mkubwa ukitulia, hewa ya mteremko hupoa, huwa nzito, na huanza kushuka polepole kuelekea kijitoni. Asubuhi jua likishapasha mteremko, hewa hiyo hupanda. Kwa shamba kama lako, lenye nyumba juu na kichaka chini, hili ni jambo la bahati kubwa: saa ile ile ambayo pongo husimama na kunyoosha shingo ili atoke, hewa inatoka kwako kwenda kwake.

Basi dungu liondoke kwenye kichuguu. Lishushe hadi ukingo wa chini wa shamba, mkabala na mlango unaotumika zaidi, hatua kama ishirini au thelathini juu ya kichaka. Hapo harufu ya mlinzi, moshi wa moto wake na sauti ya redio yake vitashuka moja kwa moja hadi mlangoni. Mkiwa katikati ya shamba, harufu yenu ilishuka kwa ukanda mmoja tu, na pongo walipita kulia na kushoto kwake. Tena kama mlichanganya na mahindi, yakishapanda juu ya kichwa cha mtu, walinzi hawakuona kitu zaidi ya mashuke.

Liinue dungu kwa miti hadi usawa wa kifua au zaidi kidogo, weka paa la nyasi au turubali, na upande wa kichaka uuache wazi. Moto uwe chini, kando ya dungu, mahali palipofyekwa vizuri. Mlinzi aongee, aimbe, apige jerikeni. Mjomba atasikitika, lakini mwambie kimya kilichomlisha yeye ndicho kilichokuibia wewe.

Ukiona milango miwili iliyo mbali, usijenge madungu mawili ukawagawa walinzi wasiotosha. Mlango wa pili uwekee shati lililovaliwa kazini, lenye jasho, juu ya mti, na ulihamishe kila jioni. Shati likikaa mahali pamoja, harufu huisha na pongo huzoea kuliona. Afadhali zaidi ni miguu yako. Saa kumi na moja, kabla ya kupanda dunguni, tembea ukingo wote wa chini polepole, gusa majani, kojoa ukitaka. Mwindaji huogopa kuacha nyayo mahali hapo. Mlinzi anazitaka.

Sasa kuhusu wakati, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize hasa. Familia nyingi hungoja hasara ya kwanza ndipo zijenge. Mimi naona hapo mmeshachelewa. Pongo aliyekula wiki nzima bila kusumbuliwa ameshaiweka njia hiyo kwenye miguu yake, na kumwondoa ni vita. Aliyekutana na moshi siku ya kwanza atakwenda kula majani mengine huko porini, ambayo msimu wa mvua yapo tele. Dungu liwe na mtu siku maharagwe yanapopasua udongo. Tangu hapo hadi maua ni kama wiki sita, na hizo ndizo wiki za kutolala. Kwetu giza huingia karibu saa moja mwaka mzima, kwa hiyo zamu ni rahisi kupanga: mtu awe juu kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa tatu usiku, mwingine aje saa kumi alfajiri hadi jua litoke. Kama hamna watu wa kutosha, linda jioni. Alfajiri hewa bado inashuka, na moto uliobaki utafanya sehemu ya kazi.

Mkisikia kubweka kichakani ambako hakuna mbwa, huyo ni pongo ameshawanusa na anatoa tahadhari. Furahini. Msimfuate.

Nguruwe ni habari nyingine. Hutoka giza likishakuwa zito, huja kwa kundi, na harufu ya mtu haiwatishi sana wakishaonja muhogo. Kama muhogo uko mbali na dungu, msimu ujao uhamishieni juu, karibu na nyumba, na chini pandeni maharagwe. Kisheria nguruwe mwitu, nyani na tumbili wamewekwa kwenye kundi la waharibifu, lakini hiyo si ruhusa ya kila mtu kushika mkuki. Wakizidi, pelekeni taarifa wilayani kupitia mwenyekiti wa kijiji, mje mfanye kazi pamoja na watu wanaohusika.

Kaka yako asitege waya. Nasema hivi kwa uchungu. Waya hauchagui. Umetegwa kwa ajili ya pongo, atapita mbuzi wa jirani, au mtoto aliyetumwa maji. Upande wa hifadhi ya Murchison wako twiga wanaochechemea maisha yao yote kwa sababu ya waya uliofungwa na mtu aliyekuwa anatafuta swala mmoja. Na pongo ni mnyama anayelindwa. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, kumuua bila kibali ni kosa, hata akiwa ndani ya maharagwe yako. Anayetaka kuwinda kwa halali, njia ipo na ni ya leseni: ilianza kwa majaribio mwaka 2001 kwenye mashamba ya mifugo yanayopakana na Ziwa Mburo. Si jambo la kufanya gizani kijitoni.

Msikate pia kichaka chote kwa hasira. Kingo za kijito zina kanuni zake, na mkizifyeka mvua itashusha udongo wenu majini. Fyekeni ukanda mpana wa hatua kumi upande wenu wa shamba tu, kati ya maharagwe na kichaka. Pongo akilazimika kuvuka mahali pa wazi, atasita, na hapo harufu yenu inamkuta. Ukanda huo si wa kupotea bure, pandeni pilipili.

Mbwa ndiyo, mmoja anatosha, awe amechanjwa kichaa cha mbwa na afungwe chini ya dungu. Kazi yake ni kumwamsha mlinzi. Mkimfungulia atavuka kijito, atafukuza hadi ndani ya hifadhi, na askari atakayemkuta huko atamfuata mwenye mbwa akimchukulia kuwa jangili.

Jambo la mwisho. Mmepakana na pori la Karuma, na kinachotoka huko usiku si pongo peke yake. Wekeni ngazi ya dungu upande wa nyumba, si upande wa kijito, na njia ya kurudi nyumbani iwe imefyekwa kiasi cha mtu kukimbia bila tochi. Mkisikia matawi makubwa yanavunjika ng'ambo, huyo ni tembo; msipige jerikeni wala msirushe jiwe. Shukeni, pandeni nyumbani wote, na mwiteni askari wa wanyamapori kwa simu. Namba ya kituo cha karibu iandikeni leo kwenye mti wa dungu, mahali pa kusomeka.