Jibu: Uso wa bibi unatoka giza kwenye picha

Pole ndugu yangu. Umesema unampiga bibi yako picha kwa simu, saa saba mchana, nyuma yake ukuta mweupe, na uso unatoka giza. Simu yako si mbovu. Kamera hupima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani. Ikikuta weupe mwingi hupunguza mwanga, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, shikilia bila kuachia mpaka fokasi (pale kamera inapolenga) ijifunge, kisha pandisha kidogo kile kialama cha jua. Ukuta ukipauka, acha upauke. Uso ndio picha.

Ila dawa kubwa ni kumhamisha. Jua la saa saba huku kwetu liko utosini, linachimba vivuli machoni. Mketishe barazani au mlangoni kwa ndani, hatua moja kutoka juani, atazame nje. Mwanga unaorudi kutoka ardhini utamjaa usoni, na utaona nukta ya nuru katika kila jicho. Nukta hiyo isipokuwepo, mimi sipigi.

Usimsogelee sana, pua hukua. Rudi nyuma kama mita moja na nusu, utumie lenzi ya kukuza mara 2 kama simu inayo. Na uipanguse lenzi kwanza!

Halafu zungumza naye. Muulize habari za ujana wake, upige wakati anajibu, si baada ya kumhesabia moja, mbili, tatu.