Apdeti imepita, diski haionekani: nikubali kufomati?

Maswali ya wasomaji kuhusu simu na kompyuta yanajibiwa na fundi wetu wa Kaloleni, Arusha. Mwezi huu ujumbe mwingi umekuja na kilio kimoja, laptopu kugoma baada ya apdeti, kwa hiyo safu nzima tumewapa wenye kilio hicho.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni karani wa chama chetu cha ushirika cha kahawa huku Kibosho. Jumanne jioni laptopu ya chama ilileta meseji kwamba kuna apdeti ya BIOS, na kwa vile ilikuwa inanisumbua kila siku nikaikubali, ikajizima ikawaka, mstari ukatembea mpaka mwisho nikashukuru Mungu, halafu skrini ikawa nyeusi na maandishi meupe, No bootable device, yaani haioni diski ya kuwakia. Nimezima nimewasha mpaka nimechoka. Nikashuka nayo Moshi mjini, fundi akaiangalia kama dakika mbili hivi akasema diski imeungua, anaifomati kwa elfu 35 au ananiuzia nyingine. Mle ndani kuna kilo za kila mkulima tangu mwezi wa saba, daftari la karatasi nililiacha mwezi wa tisa maana nilishaona kompyuta inatosha. Wazee wameanza kuulizia malipo yao. Silali fundi. Hivi diski ikiungua kweli inafomatika?

JIBU: Marahaba dada, na pole sana, najua ilivyo kukesha unahesabu kilo za watu kichwani. Hilo swali lako la mwisho ndo jibu lenyewe. Diski iliyoungua haifomatiki. Mtu akikwambia imekufa halafu hapohapo anataka kuifomati maana yake ameiona kwenye mashine na ana uhakika itakubali kuandikwa, kwa hiyo iko hai, na kilichomo kiko hai mpaka dakika atakayobonyeza hicho kitufe. Umefanya vizuri sana kuondoka na laptopu yako.

Tuelewane kwanza uliapdeti kitu gani. Famwea ni ile programu ndogo inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, siyo kwenye Windows, ndo inayokifundisha kifaa kuamka na kufanya kazi. Laptopu moja inakuwa na famwea zaidi ya moja. Kuna ya ubao mkuu, hiyo ndo watu wanaiita BIOS, na kuna nyingine iko ndani ya SSD yenyewe, ile diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka. Wewe umeapdeti ya ubao. Inakaa kwenye chipu yake ndogo kwenye ubao, daftari lako la kahawa haikuligusa. Ilichofanya mara nyingi ni hiki: ikimaliza inarudisha setingi zote kama zilivyotoka kiwandani, na laptopu zetu nyingi huku ni za mtumba, zilipofika kuna fundi alizipiga Windows upya akabadilisha setingi ili imkubali, sasa apdeti imefuta alichobadilisha yule fundi na laptopu inaitafuta Windows kwa mlango ambao siyo wake.

Ile picha uliyonitumia ya skrini ya BIOS imenipa moyo. Jina la diski lipo, na pembeni imeandikwa 256GB, ukubwa wake kamili. Diski iliyokufa haijitambulishi hivyo. Chini yake ndo kuna kitu cha kuangalia, pameandikwa UEFI, huo ni mtindo mpya wa kuiwasha Windows, na wewe umeniambia Windows iliwekwa na fundi miaka mingi iliyopita, kwa hiyo naamini ilifungwa kwa mtindo wa zamani unaoitwa Legacy. Badilisha hapo iwe Legacy, hifadhi kwa F10, iwashe. Ikigoma rudisha UEFI kama ilivyokuwa, halafu nenda kwenye setingi ya SATA, yaani jinsi ubao unavyoongea na diski, hapo utakuta maneno mawili, RAID na AHCI, jaribu lile ambalo halijachaguliwa. Badilisha kimoja, washa, ona, ndo uende kingine, na kila kabla ya kugusa piga picha kwa simu ujue pa kurudi. Ukitokea mwanga wa bluu na ujumbe unaosema INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE usiogope, maana yake Windows imeanza kuamka ila njia ya kuifikia diski siyo, rudi ukabadilishe hilo neno la SATA. Kwenye hatua zote hizi hakuna hata moja inayofuta faili. Kama kuna mahali inakuuliza kufuta au kufomati umepotea njia, toka.

Kwa wasomaji wengine ambao diski haionekani kabisa kwenye BIOS (unaingia kwa kugonga F2 mfululizo wakati inawaka, HP nyingi ni F10), hapo ni habari nyingine. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, kama betri inachomoka ichomoe. SSD za siku hizi ni kama kipande cha bazoka, kimeshikwa na skrubu moja ndogo kuliko punje ya mtama, itoe, kipande kitainuka chenyewe upande mmoja, kivute taratibu ukirudishe mpaka kikae. Nimeshawahi kupokea laptopu imesafirishwa kwa basi kutoka Karatu, kosa lilikuwa hiyo skrubu haipo kabisa na kipande kinacheza. Ikiwa bado haionekani kuna njia ambayo Crucial, watengenezaji wa SSD, waliitoa wenyewe kwa wateja wao: iache SSD ipate umeme tu bila kufanya kazi dakika 20 hivi, kwenye laptopu ukikaa kwenye skrini ya BIOS inatosha, zima sekunde 30, rudia tena. Famwea ya ndani inapata nafasi ya kupanga mambo yake yaliyokatishwa katikati. Haiponyi kila diski ila haigharimu kitu, na nimeona zikirudi.

Narudi kwenye kufomati maana hapo ndo watu wanaumia. Zamani kwenye hadidiski ya sahani inayozunguka ukifomati harakaharaka data zilibaki chini, fundi mwenye programu nzuri anazichimbua. SSD siyo hivyo. Windows ikifomati inaitumia SSD amri inayoitwa TRIM, yaani inaiambia hivi vyumba vyote havina mtu tena, na SSD inaanza kuvisafisha yenyewe kimyakimya hata kama we umekaa tu unaangalia. Mwaka jana alikuja kwangu mzee mmoja kutoka Usa River, laptopu imeshafomatiwa mahali, ndani kulikuwa na picha za marehemu mke wake. Nilikaa nayo siku tatu. Kila programu niliyoiendesha iliniletea sifuri kutoka mwanzo wa diski hadi mwisho. Nilimrudishia mkononi na sikupata neno la kumwambia, na mpaka leo nikiona mtu anaandika fomati kwenye risiti kabla hajauliza mle ndani kuna nini naumia kweli.

Dada, ikiwaka tu usifungue kitu kingine chochote. Chomeka fleshi, nakili faili za chama, halafu jitumie kwenye imeili, halafu chapisha zile kilo kwenye karatasi mwenyekiti azisaini. Na lile daftari ulilolifunga mwezi wa tisa lifungue tena.

SWALI: Mambo kaka, nasoma chuo hapa Moshi mwaka wa tatu, laptopu nilinunua ya mtumba. Juzi ilijiapdeti usiku asubuhi nakuta skrini ya bluu inaniomba namba 48 za BitLocker, mi sijawahi kuweka kitu kama hicho, nikajua ni kirusi. Rumeti anasema nitoe diski niiweke kwenye laptopu yake nivute risechi yangu. Inawezekana?

JIBU: Poa mdogo wangu. Siyo kirusi, na kuhamisha diski hakutasaidia. BitLocker ni kufuli, kila kilichomo kwenye diski kimeandikwa kwa siri, na ufunguo unashikwa na chipu ya ulinzi ya laptopu yako hiyohiyo. Kila ukiwasha, chipu inapima BIOS, ikikuta ni ileile inafungua bila wewe kujua. Usiku ule BIOS ikabadilika, chipu ikaona huyu simjui, ikakuomba ufunguo wa akiba. Ukiipeleka kwa rumeti itakuomba hizohizo namba 48, mafungu manane ya tarakimu sita sita.

Hizo namba mara nyingi ziko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku laptopu inafunguliwa mara ya kwanza. Ingia kwa simu, nenda sehemu ya vifaa, tafuta ufunguo wa BitLocker. Kwenye skrini ya bluu kuna kitambulisho cha ufunguo, linganisha herufi na namba zake nane za mwanzo na zile za kwenye simu, zikifanana umepata. Sasa shida ya mtumba ni kwamba imeili ya siku ile inaweza isiwe yako. Inaweza kuwa ya aliyekuuzia, au ya fundi aliyekupigia Windows akaweka imeili yake ili amalize haraka uondoke, na tangu Windows 11 toleo la 24H2 lilipotoka mwaka 2024 ukipiga Windows upya ukaingia na akaunti ya Microsoft kufuli mara nyingi linajifunga lenyewe, hata huyo fundi anaweza asijue. Kwa hiyo nenda dukani kwa upole, usiende na ugomvi, mwombe afungue akaunti yake mbele yako mwangalie pamoja. Umwambie pia kwamba ni kwa ajili ya risechi ya mwaka wa tatu, watu wana roho.

Ufunguo usipopatikana hakuna wa kufungua, hata Microsoft wenyewe hawawezi kuutengeneza upya. Atakayekwambia lete laki anavunja BitLocker ya laptopu yako usimpe hata mia. Na ukiupata, uandike kwenye karatasi uiweke na vyeti vyako, halafu siku nyingine kabla ya apdeti ya BIOS ingia Control Panel usimamishe BitLocker kwanza, ukimaliza uiwashe tena.

SWALI: Kaka habari, mimi ni dereva wa watalii, niko Sakina. Picha zangu zote za porini ziko kwenye SSD moja. Programu ya kampuni ya hiyo SSD inaniambia kuna famwea mpya, jamaa yangu anasema kitu kinachofanya kazi usikiguse. Niache?

JIBU: Nzuri kaka. Jamaa yako hajakosea moja kwa moja. Januari 2009 Seagate, watengenezaji wa diski, walitoa famwea ya kutibu diski za Barracuda 7200.11 zilizokuwa zinapotea ghafla, na dawa yenyewe ikaziua baadhi ya zile za GB 500, wakaiondoa wakatoa nyingine. Mwaka huohuo Intel nao waliisimamisha famwea ya SSD zao za X25-M baada ya watu kupoteza diski.

Lakini sikiliza na upande wa pili. SSD ya Crucial m4 ilikuwa na kosa kwamba ikifikisha masaa 5,184 ya kuwaka inaganda, ukiiwasha upya inafanya kazi kama saa moja inaganda tena, na kilichoitibu ni famwea tu, Januari 2012. Halafu Novemba 2019 kampuni ya HPE wakatangaza kwamba kuna SSD zao za seva (zile kompyuta kubwa za kuhifadhi data za kampuni) ambazo zikifikisha masaa 32,768, yaani miaka 3 siku 270 na masaa 8, zinakufa, na zikishakufa hazirudi wala data haitoki. Fikiria seva ina diski nane zilizowashwa siku moja, zote zinakata roho ndani ya lisaa limoja. Aliyeogopa kugusa kinachofanya kazi ndo alikuwa anakisubiri kifo.

Kwa hiyo mi naangalia apdeti inasema inatibu nini. Kama maelezo yanataja kupoteza data, diski kupotea au kujifunga, ifanye. Kama wameandika tu imeboreshwa, subiri wiki tatu nne usikie wengine wanasemaje. Weka CrystalDiskInfo, ni ya bure, itakuonyesha toleo la famwea uliyonayo, masaa iliyowaka na afya ya SSD.

Kinachonitisha kwako siyo famwea kaka, ni hilo neno "SSD moja". Nunua eksteno (diski ya nje ya kuchomeka) leo, nakili picha zote, fungua kumi hivi kule kwenye nakala uone zinafunguka kweli. Halafu betri: laptopu nyingi za kwetu betri zimekufa zinaishi kwa chaja, umeme ukikatika inazima hapohapo, na ikizima katikati ya kuandika famwea SSD inaweza isiamke tena. Hata bila apdeti kukatika ghafla kuna ubaya wake, mwaka 2011 SSD za Intel 320 zilikuwa zikikatiwa umeme vibaya zinaamka zinasema zina MB 8 tu, na data zote zimekwenda, mpaka famwea ya Agosti ilipotoka. Kama betri yako haishiki hata nusu saa, azima inverta au njoo nayo hapa Kaloleni tuifanye mchana. Usiifanye usiku wa kuamkia safari ya Serengeti.